Safari ya Msafiri: Je, Kitabu Hiki Chatufaa Wakati wa Shida?

Hapana shaka wengi wenu mmekisoma, au mmesomewa, kitabu kiitwacho Safari ya Msafiri. Mtungaji wake ni John Bunyan, Mwingereza, fundi wa kuziba vyungu na masufuria, aliyezaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Sehemu ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684. Tangu hapo kimefasiriwa kwa lugha nyingi za ulimwengu, na katika Afrika peke yake lugha zilizokipokea zapata 80. Kitabu kilichosifiwa hivi ni vigumu kukipima, maana watu hukiheshimu kabla ya kukifungua. Lakini kukiheshimu kitabu si kukisoma. Mimi mwenyewe nilikiheshimu miaka mingi, nikakifundisha watoto, na katika jambo lililo kubwa nilikuwa sijakisoma. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo.

Naandika haya nikiwa Maparoni, katika visiwa vya delta ya Mto Rufiji, wilaya ya Kibiti. Njia yetu kubwa huku ni maji, na chombo chetu ni mtumbwi. Maji yakipwa, ashukaye mtumbwini hushukia topeni, na tope la mikokoni si sawa na tope la njiani baada ya mvua. Humshika mtu hata magotini, pengine hata mapajani, na kadiri anavyofurukuta ndivyo anavyozidi kuzama. Kwa hiyo watu hutandika magogo mahali pa kupitia. Magogo hayo yapo, lakini bamvua likija na kurudi huyafunika kwa tope jipya, hata mgeni asiyaone. Mwenyeji huyatafuta kwa mguu, pole pole, huku ameshika mti. Basi mtu wa huku akisoma sura ya kinamasi katika kitabu cha Bunyan, humsoma mtungaji kama shahidi aliyepita mahali anapopajua yeye.

Mtakumbuka habari yenyewe. Mkristo ametoka katika Mji wa Uharibifu, ana mzigo mgongoni na kitabu mkononi. Jirani yake mmoja, mtu wa nia nyepesi, amefuatana naye kwa furaha, kwa kuwa amesikia habari za mema yaliyowekwa mbele. Walipokuwa wakizungumza pasipo kuiangalia njia, wakatumbukia wote wawili katika kinamasi kiitwacho Kukata Tamaa. Yule jirani akakasirika, akafurukuta, akatoka upande ulio karibu na nyumba yake, akarudi kwao. Mkristo naye akajikokota kuelekea upande ulio mbali na nyumba yake, lakini hakuweza kutoka, kwa ajili ya ule mzigo. Ndipo akaja mtu, jina lake Msaada, akamwuliza mbona hakuzitazama ngazi. Mkristo akajibu kwamba hofu ilimfukuza mno hata akaanguka. Msaada akampa mkono, akamvuta, akamsimamisha penye nchi ngumu.

Katika sura hii fupi Bunyan amesema mambo matatu yaliyo kweli, na kwa hayo astahili sifa. Kwanza, mcha Mungu huzama kama asiye mcha Mungu. Mkristo alikuwa na kitabu mkononi, alikuwa katika njia aliyoonyeshwa, tena uso wake ulielekea mahali pema; hata hivyo tope lilimshika sawasawa na mwenziwe. Tena mzigo wake haukuanguka pale kinamasini. Aliendelea nao hata alipofika msalabani. Pili, ngazi zipo, zimewekwa kwa amri ya Mwenye nchi, ila hali ya hewa ikigeuka kinamasi hutapika uchafu wake, na ngazi hazionekani. Tatu, asema kwamba watumishi wa Mfalme wametengeneza mahali pale kwa zaidi ya miaka 1,600, nao wamemwaga humo mikokoteni 20,000 na zaidi ya mafundisho mema, na kinamasi kingali kinamasi. Mtungaji mdogo asingalithubutu kuandika hivyo. Angalisema kwamba mafundisho yaliingia, tope likakauka, watu wakapita kwa viatu. Bunyan alikuwa mhubiri, na juu ya hayo alikiri kwamba mahubiri hayakuliondoa tope.

Sasa nitawaeleza jinsi nilivyokosa. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 Mto Rufiji ulifurika, na watu wengi wa wilaya za Rufiji na Kibiti wakapoteza mashamba na nyumba. Sisi Wakristo wa huku tu wachache, maana wenyeji walio wengi ni Waislamu. Nasi tulikuwa na desturi ya kukusanyika jioni nyumbani kwa mmoja wetu, tusome na kuomba. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikaona vema niwasomee sura ya kinamasi. Katika kikao chetu alikuwako mama mmoja mjane. Mpunga wake ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na maji, na dungu lake la kulindia ndege limeanguka. Nilipomaliza kusoma nikamgeukia, nikamwambia, "Mama, ngazi zipo. Zitafute kwa imani, wala usitazame tope."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nimesikia. Lakini huyo Msaada wako alikuwa amesimama wapi alipomwuliza mwenziwe habari za ngazi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nitatazama kitabuni. Usiku ule nikawasha taa, nikasoma tena kama mtu asiyepata kuisoma sura hiyo maishani mwake. Nikaona kwamba Msaada aliuliza swali moja tu, akapokea jibu, wala hakubishana nalo; mara akanyosha mkono. Yale maelezo marefu, yaani asili ya kinamasi, kazi ya watumishi wa Mfalme, na mahali palipo ngazi, hayakusemwa topeni. Yalisemwa baadaye, Mkristo alipokuwa amekwisha kusimama pakavu, na aliyeuliza ni mwotaji asimuliaye habari hii. Mkono ulitangulia, na mafundisho yakafuata. Nami nilikuwa nimegeuza utaratibu huo: nilimfundisha mtu habari za ngazi hali maji yangali shingoni mwake, na mimi nimeketi juu ya mkeka mkavu.

Asubuhi nilipokwenda kwake nikapata habari nyingine. Gunia moja la mpunga wa mbegu lilikuwa limeokoka, na aliyeliokoa ni jirani yake mvuvi, Mwislamu, aliyeleta mtumbwi wake usiku wa manane akampakia mama yule pamoja na wajukuu. Mvuvi yule hakumwuliza habari za imani yake. Nikaona haya, maana mwenye kitabu nilikuwa mimi, na aliyefanya kazi ya Msaada alikuwa mwingine.

Kwa hiyo neno langu la kwanza la kukipima kitabu hiki latuhusu sisi tunaokisoma zaidi ya yeye aliyekiandika. Walimu na wahubiri wengi hukifanya kuwa kitabu cha kumsifu mtu mwenye moyo mgumu, asiyetikisika, apitaye shida peke yake kwa nguvu ya imani yake. Nimekitafuta mtu huyo katika kurasa zake, sikumwona. Mkristo atikisika karibu kila mahali. Katika bonde la uvuli wa mauti, penye giza, alitiwa moyo aliposikia mbele yake sauti ya mtu mwingine akiyasema maneno ya zaburi. Hakumwona, lakini alijua kwamba hayuko peke yake gizani. Penye mto wa mwisho, usio na daraja, yeye ndiye aliyeanza kuzama, na mwenziwe aitwaye Tumaini akafanya kazi kubwa kukishika kichwa chake juu ya maji. Ndugu zangu wa delta, ninyi mwajua maana ya kukishika kichwa cha mtu juu ya maji. Ni kazi ya mikono miwili, na mwenye kuifanya naye huinywa sehemu yake ya maji.

Itazameni pia habari ya Ngome ya Mashaka. Mkristo na Tumaini waliiacha njia kwa kuwa ilikuwa ngumu kwa miguu yao, wakakamatwa na jitu liitwalo Kukata Tamaa. Wakafungwa tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, pasipo chakula, wala maji, wala mwanga. Jitu likawapiga, kisha likawashauri wajiue. Mkristo akaanza kulifikiri shauri hilo. Aliyemzuia ni Tumaini, aliyemkumbusha taabu zilizopita na jinsi walivyookolewa, akamwomba wavumilie kidogo tena. Jumamosi kama saa sita ya usiku wakaanza kuomba, wakaomba hata karibu na alfajiri. Ndipo Mkristo akakumbuka kwamba anao ufunguo kifuani, jina lake Ahadi. Wahubiri huupenda sana ufunguo huu, na ni haki yao. Lakini mara nyingi husahau siku nne zilizotangulia. Kama Tumaini asingalikuwamo mle shimoni, ufunguo ungalikutwa kifuani mwa maiti. Tena Bunyan asema kwamba kufuli ya lango la mwisho lilikuwa gumu mno kufunguka. Ahadi ilifungua, lakini haikufungua kwa wepesi. Mtu amwambiaye mgonjwa au mfiwa kwamba ufunguo alikuwa nao siku zote, kwa nini basi amelia, mtu huyo amelichukua neno la faraja akaligeuza kuwa fimbo.

Sasa nije kwenye kosa la mtungaji mwenyewe, maana liko. Mwanzoni mwa safari Mkristo amwacha mkewe na watoto wake. Wanamlilia arudi, naye aziba masikio kwa vidole, akimbia. Nilipoisoma sehemu hiyo kikaoni, mzee mmoja alicheka kwa uchungu. Akasema, "Mwalimu, mwaka huu tumeona maji. Mtu aliyekimbia akawaacha watoto wake darini, huku kwetu hatumwiti msafiri."

Najua jibu linalotolewa. Husemwa kwamba hii ni mithali: mke na watoto ni mambo ya dunia yamzuiayo mtu, na kuziba masikio ni kuwa na nia moja. Nalikubali jibu hilo nusu. Mithali ina sheria zake, na si haki kuidai kila neno lake kama tudaivyo hesabu. Lakini mtungaji achukuaye mfano katika maisha ya watu hana budi kuruhusu maisha yaupime mfano wake. Bunyan alichukua tope la kweli, akaliandika kweli, nasi tukamsadiki kwa sababu hiyo. Alipochukua nyumba yenye mke na watoto, aliiandika kwa haraka, kama mtu apitaye karibu na jambo linalomwuma.

Labda lilimwuma kweli. Bunyan alitiwa gerezani mwaka 1660 kwa kuhubiri pasipo ruhusa, akakaa humo hata mwaka 1672. Angaliahidi kuacha kuhubiri, angaliachiliwa. Nyumbani alikuwa na mkewe Elizabeth na watoto wanne wadogo, na mmoja wao, binti yake Mary, alikuwa kipofu. Humo gerezani alisuka vigwe vya kufungia nguo, vikauzwa ili kuwalisha. Basi yule mtu azibaye masikio kitabuni alitoka mkononi mwa mtu ambaye katika maisha yake hakuziba masikio hata kidogo. Alisikia, akasuka vigwe. Kama angalitueleza habari ya vigwe hivyo katika sura ya kwanza, kitabu chake kingalikuwa na mwanzo ulio bora.

Lakini haki ya mtungaji isifichwe. Miaka sita baada ya sehemu ya kwanza alitoa sehemu ya pili, na humo alilitengeneza kosa lake. Mke wa Mkristo aondoka na wana wake wanne, pamoja na Rehema, msichana wa jirani, wakaifuata njia ile ile. Wafika kwenye kile kinamasi. Rehema awatia moyo, wanazitazama ngazi kwa uangalifu, wanavuka wakipepesuka. Hapo mtungaji aongeza neno ambalo halikuwamo katika sehemu ya kwanza: kwamba wako watu wajifanyao watumishi wa Mfalme, wasemao kwamba wanaitengeneza njia, nao badala ya mawe huleta uchafu na samadi, wakaiharibu zaidi. Nilipolisoma neno hili nilikumbuka maneno yaliyosemwa na watu mbalimbali baada ya mafuriko: kwamba maji yalikuja kwa sababu ya dhambi za fulani, na kwamba waliotoa sadaka nono mashamba yao yalisalimika. Nikakumbuka na neno langu mwenyewe kwa yule mama. Hiyo ndiyo mikokoteni ya samadi.

Katika sehemu hiyo ya pili yumo pia mtu mmoja ninayempenda kuliko wote, jina lake Mwoga. Alifika kwenye kinamasi, akalala ukingoni zaidi ya mwezi mmoja akilia, haendi mbele, wala harudi nyuma. Siku moja jua lilipong'aa akajitia, akavuka, asijue amevukaje. Mtungaji asema kwamba mtu huyu alikichukua kinamasi moyoni mwake kila alikokwenda. Wala hamfukuzi njiani. Kiongozi wa msafara amngojea, amchukulia taratibu. Na Mwoga alipofika kwenye mto wa mwisho, maji yalikuwa yamepungua kuliko yalivyopata kuonekana, akavuka karibu na kukanyaga chini. Wamo na wengine: mnyonge wa akili, kilema mwenye magongo mawili, mzee aliyefungwa na jitu pamoja na binti yake. Msafara wote wakawangojea watu hao. Hatimaye kiongozi na wenziwe wakaliua lile jitu, wakaibomoa na ngome yake, jambo ambalo Mkristo hakuweza kulifanya alipokuwa na mwenzi mmoja tu.

Sisemi kwamba sehemu ya pili imeandikwa vizuri kuliko ya kwanza. La, haikuandikwa hivyo. Mwendo wake ni wa pole mno, watu wakaa mezani muda mrefu, watoto waulizwa maswali ya dini kama wako darasani, na vitendawili ni vingi kupita kiasi. Msomaji apendaye habari za hatari atapiga miayo. Lakini kwa kutufundisha uvumilivu wakati wa shida, naiona kuwa ya kweli zaidi, maana mwendo wa pole ndio mwendo wa watu wanaowangojea wanyonge wao.

Mtu aweza kuuliza: Je, kitabu kweli chaweza kumsaidia mtu shidani, au haya ni maneno ya walimu? Nitataja mfano mmoja tu, wa kisiwa kilicho jirani na pwani yetu. Huko Bukini, yaani Madagascar, Malkia Ranavalona wa Kwanza aliikataza dini ya Kikristo mwaka 1835. Mwaka 1837 mwanamke aitwaye Rasalama aliuawa kwa mkuki karibu na Antananarivo kwa kuwa hakuikana imani yake. Wamisionari waliondoka, na Wakristo wakabaki peke yao. Kitabu hiki cha Bunyan kilikuwa kimefasiriwa kwa lugha yao, nao wakakinakili kwa mkono na kukisoma kwa siri. Angalieni jinsi walivyokitumia. Kunakili kwa mkono ni kazi ndefu, na anakiliye amfikiri msomaji mwingine. Hakuna anayenakili kitabu ili akikimbilie peke yake. Malkia alipofariki mwaka 1861, Wakristo waliotokea katika maficho walikuwa wengi kuliko walioingia.

Basi hukumu yangu ni hii. Safari ya Msafiri yatufaa wakati wa shida, ila isisomwe nusu. Wasomao sehemu ya kwanza peke yake, na tena wakaruka mkono wa Msaada na kichwa kilichoshikwa juu ya maji, watapata imani ya mtu mmoja azibaye masikio. Na imani hiyo maji ya Rufiji huivunja. Wasomao zote mbili wataona kwamba mtungaji alisahihisha kitabu chake mwenyewe, naye ni mfano mwema kwetu sote tushikao kalamu au chaki.

Huku Maparoni tulianza kuisoma sehemu ya pili, mimi nikifasiri kutoka Kiingereza jioni baada ya jioni, vibaya vibaya. Yule mama mjane alikuwa akihudhuria. Tulipofika kwenye habari za Mwoga aliyelala ukingoni mwezi mzima, alisema neno moja tu: "Huyo nikimkuta, nitaketi naye." Msimu uliofuata ile mbegu iliyookolewa kwa mtumbwi ilipandwa, nasi tulikwenda shambani kwake siku mbili, Wakristo pamoja na yule mvuvi. Sikufundisha neno lo lote siku hizo. Nilichukua miche.

Mwalimu mwenzangu, kama unayo nakala ya sehemu ya pili kwa Kiswahili, usiiweke kabatini. Iazime kwa jirani, kisha umfuate ukamsomee.